Mfuko wa hewa uliogeuka bomu

Mfuko wa hewa ndani ya usukani umewekwa kuokoa maisha. Ule wa kampuni ya Takata ya Japani uliwaua baadhi ya madereva. Kemikali ya kuufumua iliharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Gari likigonga, kikopo cha chuma kilipasuka na vipande vikamrukia dereva shingoni.

Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani huko Marekani kwamba iliwapa watengenezaji wa magari takwimu za uongo za majaribio. Ikatozwa dola bilioni 1, ikafilisika. Mamilioni ya magari yaliitwa yatengenezwe bila malipo.

Je, sisi? Magari yaliyotumika Japani hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu. Barua ya wito huandikiwa mwenye gari wa kule. Anayelinunua huku haioni.

Haki usiyoijua huwezi kuidai. Wanasheria wetu wajitolee walau saa moja kwa juma, waende mashuleni wawafundishe vijana kutunza risiti, kuulizia namba ya chesisi na kudai. Mnunuzi haombi hisani, anadai alicholipia.