Timu inayoanguka karibu na mwisho

Leo tutazungumza juu ya kriketi, mchezo ambao kwetu Kongo wachache wanaujua. Timu moja inapiga mpira na kukusanya mikimbio. Nyingine inapiga kwa zamu yake, ikijaribu kuipita hesabu hiyo.

Timu ya wanaume ya Afrika ya Kusini ilipewa jina baya: watu wa kukabwa koo. Maana yake, wanacheza vizuri, lakini wakikaribia ushindi pumzi inawakatika.

Tuyaangalie maanguko yenyewe. Mwaka 1992, katika nusu-fainali ya Kombe la Dunia kule Sydney, walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13. Mvua ikanyesha, na waliporudi kanuni ya siku zile iliwaachia mpira mmoja tu. Mwaka 1999 kule Birmingham walihitaji mkimbio mmoja, mipira minne ikiwa bado. Wa kwanza haukuleta kitu. Wa pili, Lance Klusener alipiga akakimbia, lakini mwenzake Allan Donald alichelewa kuondoka, akatolewa. Hesabu zikawa 213 kwa 213, na Australia ikapita kwa matokeo yake ya nyuma. Mwaka 2003, nyumbani Durban, mvua ilikatiza tena. Waliisoma vibaya karatasi ya hesabu. Mpigaji akauzuia tu mpira wa mwisho akidhani wameshinda, kumbe ulipungua mkimbio mmoja.

Ndugu zangu, mmeona? Mara ya kwanza ni kanuni. Mara ya pili, watu wawili hawakusikilizana. Mara ya tatu ni hesabu. Magonjwa matatu, lakini watu waliyapa jina moja.

Jina hilo lina nguvu. Mchezaji aliyezoea kupiga bila kufikiri anaanza kuichunguza mikono yake mwenyewe, na mikono inakuwa mizito. Mwaka 2024 kule Barbados, katika fainali ya kriketi fupi, walihitaji mikimbio 30 kwa mipira 30. India ikawashinda kwa mikimbio 7, na jina la zamani likarudi midomoni. Katika timu hiyo alikuwemo Marco Jansen, aliyezaliwa mwaka 2000. Mwaka 1999 alikuwa hajazaliwa, lakini deni alidaiwa yeye.

Mwezi Juni 2025 walikutana na Australia kule Lord's, London. Siku ya kwanza walitetereka, na ya pili wakatolewa wote kwa 138. Mwishoni walipewa kazi ya kutafuta 282. Kapiteni Temba Bavuma aliumia mguu, akakataa kutoka, akachechemea mpaka 66. Mwenzake Aiden Markram alifikisha 136. Wakashinda. Lilikuwa kombe lao kubwa la kwanza tangu 1998.

Hawakushinda kwa kusahau, wala kwa kutafuta mchawi. Waliutazama mpira uliokuwa mbele yao, mmoja mmoja.

Sisi pia tuna majina yetu. Lusaka mwaka 1999, Sun City mwaka 2003, Goma mwaka 2008: mapatano yalitiwa sahihi, na bunduki zikalia tena. Basi tunasema, "Sisi ni watu wa kuvunja mapatano." Tena tunasema, "Kabila lile ndivyo lilivyo," na mtoto aliyezaliwa jana anadaiwa deni la babu yake.

Tuulize kama daktari anavyouliza. Patano hili lilivunjika wapi? Kanuni ilikuwa mbaya? Wawili hawakusikilizana? Au karatasi haikusomwa vizuri, hata askari porini hakujua kilichoandikwa? Kila jibu lina dawa yake. Jina baya halina dawa.

Jioni ya leo, kwenye baraza au barza ya kijiji, chagueni patano moja lililovunjika kwenu, hata la shamba au la kisima, mlichunguze hivyo pamoja.