Ufa Chini ya Rangi

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Tabora)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya mafanikio yangu baada ya shule. Nimelifikiri jambo hilo nikaona kwamba mafanikio yangu hayatawafaa sana. Shule hii imetoa watu wakubwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliingia hapa mwaka 1937. Mimi nimekuwa fundi tu. Kwa hiyo, kwa ruhusa yenu, nitazungumza juu ya pikipiki niliyoiunda kwa mikono yangu, na juu ya kosa nililolifanya katika pikipiki hiyo. Mdogo wangu, ambaye naye alisoma hapa, yumo humu ukumbini. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuyaandika maneno haya. Alinijibu niseme yote, nisipunguze.

Ndugu zangu, sisi watu wa Unyanyembe hatukuanza jana kushughulika na chuma na mizigo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, na miembe ya zamani tunayoiona ni kumbukumbu yake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila 2, yaani kilo zipatazo 32, miezi mitatu mfululizo. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa kaskazini, huko Usumbwa na Uzinza, yaliletwa kuuzwa huku, na jembe lilikuwa mali ya kutolea mahari. Bibi yangu hakulala kabla hajayafuta majembe yake, akayapaka mafuta na kuyachomeka darini juu ya moshi. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ushamba. Baadaye nilijua kwamba bibi alikuwa na elimu ambayo mimi mwenye cheti sikuwa nayo.

Mwaka 1982 nilikuwa fundi kijana hapa mjini. Wakubwa wanaukumbuka wakati ule. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari. Mwenye pikipiki mbovu aliiegemeza ukutani akangoja. Mimi sikutaka kungoja. Kwenye mnada mmoja nilinunua mzoga wa Honda XL 125. Injini yake ilikuwa nzima, lakini fremu ilikuwa imekunjika na kukatika nyuma. Kwa mtu mwingine nikapata mzoga wa Yamaha, nikachukua gurudumu la nyuma na shokapu zake. Kusudi langu lilikuwa kuunda pikipiki ndefu kidogo kuliko kawaida, yenye kichanja cha kubebea madebe mawili ya asali. Debe la lita 20 likijaa asali huwa na kilo zipatazo 28, karibu sawa na mzigo wa mpagazi. Basi nilitaka pikipiki ifanye kazi ya wapagazi wawili kati ya Urambo na Tabora, njia ile ile ya misafara, kilomita zipatazo 90.

Nilibakiza shingo ya fremu ya Honda, sehemu inayoshika usukani, kwa sababu pembe yake imepimwa kiwandani. Sehemu ya nyuma niliiunda upya kwa mabomba ya chuma niliyoyapata kwa mtu aliyekuwa akivunja basi. Wadogo zangu, msitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Bomba hilo halikutengenezwa kwa kazi ya kupindwa na kutikiswa, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe ambao humtia mtu homa usiku ule ule. Nilifunga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, nikahakikisha magurudumu yamekaa mstari mmoja. Kisha nikachomelea kwa nukta nukta, upande huu na upande ule, maana chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa huvuta. Fundi akichomelea upande mmoja mpaka mwisho, fremu hupinda kama upinde.

Kazi ilipokwisha, nilifanya jambo la kijana. Sikuipaka fremu rangi. Niliisugua kwa msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini, mpaka ikang'aa kama kioo. Juu yake nikapaka vanishi ya maseremala isiyo na rangi, ili kila mtu auone uchi wa chuma. Nilipopita sokoni watu walisimama, na wengine walidhani imetoka Ulaya. Mimi nilijiona bwana mkubwa.

Mvua zilipoanza mwezi wa Novemba, nilianza kuona nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia zikitambaa chini ya vanishi, kama njia za mchwa. Kutu si uchafu unaotoka nje. Ni chuma chenyewe kinachoungana na hewa na maji kikageuka kitu kingine. Kitu hicho huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa, kwa hiyo hukiinua chochote kilichokifunika. Vanishi haikamati vizuri juu ya chuma kilichosuguliwa mno. Penye mkwaruzo mdogo maji huingia, hukaa chini yake, na hayatoki. Hata jasho la mikono yangu, lenye chumvi, nilikuwa nimelifungia humo ndani kwa vanishi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Niliona haya. Jirani mmoja aliniuliza kwa utani kama fremu yangu imepata ukurutu. Dawa ilikuwa wazi: kuivua pikipiki yote, kuisugua upya hadi chuma cheupe, na kuanza tena. Kazi hiyo ilihitaji wiki moja. Nami nilikuwa nimeahidi kuionyesha pikipiki kwenye harusi ya rafiki siku ya Jumamosi. Basi nikapitisha brashi ya waya juu juu, nikapaka rangi nyeusi nzito, mikono miwili, juu ya kutu na kila kitu. Ikapendeza. Watu wakaisifu tena.

Mwezi wa Machi 1984 mdogo wangu aliiazima kwenda Urambo kuleta asali. Alirudi na madebe mawili, mzigo ule ule nilioukusudia. Hakuzidisha hata kibaba. Barabara haikuwa na lami wakati ule, na mvua ilikuwa imeichimba. Kati ya Usoke na Tabora fremu ilifunguka chini ya kiti, mahali nilipounganisha bomba langu na lile la Honda. Gurudumu la nyuma lilikwenda upande wake. Mguu wa mdogo wangu ulivunjika mahali pawili. Alilala kando ya njia katika matope na asali kutoka saa nane mchana hadi karibu magharibi, mpaka lori la tumbaku lilipopita na kumchukua. Mliomwona akiingia ukumbini leo mmeona jinsi anavyotembea. Ni kazi ya mikono yangu hiyo.

Nilipoileta pikipiki nyumbani niliuchunguza mvunjiko. Chuma kilichovunjika siku hiyo kilikuwa cheupe na chenye chembe chembe. Lakini zaidi ya nusu ya duara la bomba ilikuwa ya kahawia iliyokolea. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo zamani, pengine tangu mwaka uliotangulia, na maji yalikuwa yakiingia na kutoka. Kama fremu ingekuwa tupu, mstari wa kutu ungeuonyesha ufa. Kama ningesugua wiki nzima, ningeuona kwa macho. Rangi yangu nyeusi ndiyo iliyouficha. Wazee wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba kufunika si kuziba.

Jirani yangu mmoja alikuwa mzee wa reli, mstaafu wa karakana. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mji huu umejaa elimu ya reli kwa anayetaka kuuliza. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Mzee alikuja, akaitazama fremu, hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, nenda kanitafutie chaki ya shule na mafuta ya taa."

Tuliisugua fremu hadi chuma kitupu. Tukaipaka mafuta ya taa, tukangoja yapenye, tukaifuta mpaka ikauke kabisa. Kisha tukasaga chaki, tukaichanganya na spiriti na kuipaka nyembamba juu ya viungo. Spiriti ikaruka, ikabaki unga mweupe. Tukaketi tukinywa chai. Baada ya muda kidogo ukatokea mstari mwembamba wa unyevu juu ya weupe ule, halafu wa pili. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya nyufa yalikuwa yakinyonywa na chaki. Hivyo ndivyo mafundi wa reli walivyokuwa wakitafuta nyufa za ekseli na magurudumu kabla ya mashine za kisasa. Fremu yangu ilikuwa na nyufa nyingine mbili, moja karibu na shingo. Kama ile ya shingo ingefunguka kwanza, nisingekuwa na mdogo wa kumwomba ruhusa leo.

Tukaanza upya. Kwenye ncha ya kila ufa tulitoboa tundu dogo ili usiendelee kutambaa, tukauchimba wote kwa tupa, tukauchomelea tena hadi chini. Penye viungo tukaongeza vipande vya pembetatu ili nguvu isikusanyike mahali pamoja. Chini kabisa ya mabomba tukatoboa matundu ya kutolea maji, maana kutu ya ndani ndiyo mbaya zaidi. Ndani tukamimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tukaigeuza fremu huku na huku, tukayamwaga yaliyobaki. Mafundi wa ndege za zamani zenye fremu za mabomba walifanya vivyo hivyo.

Nilipouliza rangi gani tupake nje, mdogo wangu, aliyekuwa ameketi kibarazani na mguu wake katika plasta, alisema, "Kaka, safari hii usipake kitu nisichoweza kuona chini yake."

Basi tukatumia mali ya Tabora yenyewe, nta ya nyuki. Tuliiyeyusha ndani ya chombo kilichokaa katika maji ya moto, kwa maana nta ikiwekwa motoni moja kwa moja huweza kuwaka. Tukaichanganya na mafuta ya kitani kidogo na tapentaini, tukaipaka ikiwa vuguvugu juu ya chuma kikavu, tukasugua kwa kitambaa. Vitambaa hivyo msivikunje na kuvitupa pembeni. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa huweza kujiwasha lenyewe. Litandazeni nje likauke, au litieni ndani ya maji.

Sitawadanganya kwamba nta ni bora kuliko rangi. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi zipatazo 63, kwa hiyo karibu na injini haikai. Hushika vumbi, na wakati wa mvua nilipaswa kuipaka upya kila wiki mbili. Lakini kila nilipoipaka, mkono wangu ulipita juu ya kila kiungo, na macho yangu yalifuata mkono. Pikipiki ile ilitembea hadi mwaka 1997, na haikumwangusha mtu tena.

Kwa mwenye pikipiki ya kazi, hasa ninyi mtakaoendesha bodaboda au kuchomelea vichanja, rangi ndiyo njia ya kawaida, lakini ipakwe kwa haki. Sugueni hadi chuma cheupe. Futeni mafuta kwa tina. Pakeni praima siku ile ile, kabla ya umande wa usiku, kwa kuwa chuma kitupu huanza kutu kabla hujakiona kikibadilika. Kisha rangi ya juu, mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito, na ikiwezekana iwe ya kijivu au nyeupe, ili ufa ukitokea mstari wake uonekane. Na penye kutu iliyoinua rangi, msipake juu yake hata kama harusi ni kesho.

Ndugu Mwenyekiti, nimekaribia mwisho. Tunapokutana hivi kila mtu huja na koti lake zuri, na si vibaya. Lakini wadogo zangu wakitusikia tunasifiana tu, watadhani sisi tuliotoka hapa hatukuwahi kuvunjika. Naomba kila mmoja wetu atakayesimama hapa miaka ijayo alete na ufa wake mmoja, auonyeshe.

Chaki ninyi mnayo, kila siku mbele ya macho yenu. Mdogo wangu ameleta mafuta ya taa, na kipande cha fremu ile ya mwaka 1984 kipo pale mezani. Baada ya chakula karibuni karakana, yeye ndiye atakayewaonyesha.