Tangi la Nyuma ya Kiwanda
Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya tawi, katika mafunzo ya jioni ya wanachama



Jioni hii hatukuja kusema juu ya mishahara. Tumekuja kusema juu ya tangi lililo nyuma ya kiwanda, lile ambalo wageni hawaonyeshwi. Wengine watauliza, maji machafu yanahusu nini na chama? Subirini kidogo, tutafika.

Maji yatokayo katika kiwanda cha nyama, cha maziwa au cha mafuta ya kupikia huchukua uchafu wa namna nyingi. Mchanga na vipande vya mifupa ni vizito, huzama vyenyewe. Mafuta yaliyoganda ni mepesi, huelea yenyewe, nasi huyatega katika shimo la mafuta. Taabu iko katika chembe ndogo mno za mafuta na nyama, ambazo hazizami wala hazielei. Maji huwa kama chai ya maziwa, na hata yakikaa kutwa nzima hayatulii. Hizo ndizo tunazozitafuta kwa mtambo wa viputo vya hewa.

Kazi huanza kwa dawa. Hutiwa shabu, au dawa ya chuma, na mara nyingi polima baada yake. Dawa hii huzifanya chembe zishikane, zikawa madonge laini yanayoonekana kwa macho. Maji yakiwa na asidi nyingi au magadi mengi, dawa haishiki. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuyapima kwanza. Kutia dawa kwa kukisia ni kumwaga fedha mferejini.

Sasa hewa. Ninyi nyote mmefungua chupa ya soda. Kabla ya kufunguliwa, gesi haionekani, imeyeyuka ndani. Kizibo kikitoka, presha inashuka, na viputo vinatokea kila mahali. Mwingereza William Henry alieleza kanuni hii mwaka 1803: presha ya gesi juu ya maji ikizidi, gesi inayoyeyuka nayo huzidi kwa kadiri ile ile. Mtambo wetu hufuata kanuni hiyo. Huchukuliwa sehemu ya maji yaliyokwisha safishwa, yakasukumwa na pampu katika pipa la chuma pamoja na hewa ya kompresa, kwa presha ya kama bari 4 hadi 6. Hewa huyeyuka. Kisha maji hayo hupitishwa katika vali nyembamba mpaka ndani ya tangi, ambako hakuna presha. Mara moja maji huwa meupe kama maziwa, kwa wingi wa viputo, ambavyo vingi havizidi unene wa unywele.

Udogo huo ndio siri yake. Kiputo kikubwa hupanda mbio na kuyavunja madonge. Kiputo kidogo hupanda polepole, hushikamana na donge, na vikiwa vingi donge lote huwa jepesi kuliko maji. Hupanda juu, likawa utando mzito. Vibao vinavyovutwa na mnyororo huukwangua utando huo na kuusukuma katika mfereji wake, na maji yaliyotakata hutokea chini.

Maji ya moto hayashiki hewa vizuri, basi yanayotoka kwenye mabirika ya kuchemshia yapozwe kwanza. Wala mtambo huu hauwezi kila kitu: sukari na chumvi zilizokwisha kuyeyuka hupita kama zilivyo. Kwa hiyo mara nyingi maji huhitaji bado mabwawa, au matangi ya vijidudu vinavyokula uchafu. Katika mitambo ya miji pia viputo hivi hutumika, hasa kuyakamua matope mepesi ili maji mengi yatoke kabla ya kuyachukua.

Sasa tumefika kwenye neno letu. Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, ndugu yetu mmoja wa zamu ya usiku aliandikiwa barua kwamba amelala kazini, kwa kuwa maji ya asubuhi yalikutwa machafu. Kufukuzwa kulikuwa karibu. Tuliomba daftari la zamu. Yeye alikuwa ameandika geji kila saa: saa mbili usiku bari 5, saa tatu, 5, saa nne, 2, saa tano, 2. Saa nne ndipo kompresa ilipozimwa kwa amri ya ofisi, ili kupunguza gharama ya umeme. Pasipo hewa hakuna viputo, na pasipo viputo madonge huzama au huondoka na maji. Mkubwa alilisoma daftari mara mbili, akaiondoa barua. Tulishinda kwa sababu mtu mmoja aliujua mtambo wake, na alikuwa na kalamu.

Kuna hatari nyingine, na hii huua. Utando na matope yakiachwa huoza na kutoa gesi inayonuka kama yai bovu. Gesi hiyo ikizidi, pua hufa ganzi, mtu hasikii harufu tena, akadhani imekwisha. Asiingie mtu yeyote katika tangi au shimo kabla hewa haijapimwa, bila kamba na bila mwenzake juu. Mmoja akianguka, usimfuate bila chombo cha kupumulia. Familia mbili zitalia badala ya moja. Nalo pipa la presha ni chombo cha kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa, si cha kuchomelewa kiraka na fundi wa njiani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu. Mahali penye wafanyikazi 20 au zaidi hutakiwa kamati ya usalama, na mfanyikazi aliyeripoti hatari kubwa iliyo karibu halazimishwi kurudi hapo kabla haijaondolewa.

Na tusisahau walio chini ya mto. Kanuni za maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za chembe katika kila lita inayomwagwa nje. Mto Nairobi huingia Athi, Athi huwa Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Mafuta tunayoyaachilia usiku hunywewa na ng'ombe wa mtu, na mtu huyo pengine ni shemeji yako.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila zamu iandike daftari lake: presha, dawa, na saa. Kila tawi lichague watu wake wa kamati ya usalama, wasichaguliwe na ofisi. Na kila mwanachama anayeujua mtambo amfundishe mmoja asiyeujua, kabla ya mkutano ujao.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.