Yohana Marko Apewa Safari ya Pili

Somo letu latoka katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15, kuanzia aya ya 36 hata mwisho wa sura. Mwenye Biblia karibu naye na aifungue.

Hapa kwetu Kisian barabara itokayo Kisumu hugawanyika. Njia moja yapanda kwenda Maseno na Busia, na ya pili yaelekea Bondo na Usenge. Malori hupita hapa usiku na mchana, na nyumba nyingi za ushirika wetu hula kwa kazi ya usukani.

Alasiri moja dereva mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani. Miaka minne kabla ya siku hiyo alikuwa amekunywa pombe akashika usukani. Lori likatoka barabarani, likamgonga kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli yake, na kijana yule akakatwa mguu. Dereva alihukumiwa, akafungwa Kodiaga, gereza lililo upande huu huu wa Kisumu, na leseni yake ikazuiwa kwa muda. Alipotoka, aliacha pombe kabisa. Akapata tena leseni, lakini kazi hakupata. Alikuwa akipakia mchanga kwa koleo katika malori ambayo zamani angaliyaendesha.

Kila mwenye gari alimtaka alete leseni, barua ya mwajiri wa zamani, na cheti cha mwenendo mwema. Cheti hicho, kama mjuavyo, hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya mtu kuchukuliwa alama za vidole. Na vidole havisahau. Basi akaniambia, "Mchungaji, niandikie barua. Sema tu kwamba mimi ni Mkristo mwema. Yale ya zamani usiyataje."

Nakiri mbele yenu kwamba niliiandika barua hiyo. Nilimhurumia, kwa maana nawajua watoto wake. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli, lakini barua yenyewe ilikuwa ya uongo, kwa sababu ya lile nililoliacha.

Kabla sijampa, mama wa yule kijana alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada. Habari zilikuwa zimemfikia. Akasema, "Mchungaji, sisemi asipate kazi. Wanawe nao wale nini? Lakini usiandike kana kwamba mguu wa mwanangu haukukatwa." Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaipasua ile barua.

Ndugu zangu, tusiwalaumu upesi wenye malori wanaouliza mengi. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori lilitoka barabarani likawavamia wachuuzi na abiria, na watu zaidi ya 50 wakafa jioni moja. Anayempa mtu funguo za lori anampa pia roho za watu wasiomjua. Yampasa aulize.

Lakini je, aliyeanguka mara moja afungiwe mlango maisha yake yote? Hapo ndipo tunapomkuta Yohana Marko.

Kijana huyu aliandamana na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza ili awasaidie kazi. Walipofika Perge katika nchi ya Pamfilia, aliwaacha akarudi Yerusalemu. Biblia haitwambii sababu. Baadaye, walipopanga safari ya pili, Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa. Hakumwonea, maana njia ilikuwa ya hatari, na mtu aliyekuacha njiani mara moja aweza kukuacha tena. Wakashindana mno, hata mitume wale wawili wakatengana. Paulo akamchukua Sila. Barnaba akamchukua Marko, wakatweka kwenda Kipro.

Angalieni sana alilolifanya Barnaba. Kwanza, hakukana kosa la Marko. Kila mtu alilijua, na Luka aliliandika, nasi twalisoma hata leo. Msamaha wa Mungu haukuufuta ukurasa ule katika Maandiko. Pili, Barnaba hakumtuma Marko peke yake. Alikwenda naye. Tatu, alianza naye Kipro, kisiwa alikozaliwa Barnaba mwenyewe, mahali alipopajua na alipoweza kumtazama.

Na mwisho wake ulikuwaje? Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo yumo kifungoni, na wengi wamemwacha. Anamwagiza Timotheo aje na Marko, kwa maana Marko amfaa kwa utumishi. Ni yule yule Paulo aliyemkataa! Cheti cha Marko kilikuwa na ukurasa wa Perge, lakini kwa neema ya Mungu na kwa uvumilivu wa Barnaba kikaongezwa kurasa nyingine.

Basi nikamwita yule dereva, nikamsomea sura hiyo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nitakuandikia, lakini nitaandika yote." Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Andika." Niliandika kosa lake, na mwaka wake, na kifungo chake. Halafu nikaandika niliyoyaona kwa macho yangu tangu alipotoka: kwamba hanywi, kwamba huamka mapema, kwamba hurudisha anachokopa. Wenye magari wawili waliisoma wakamrudishia. Wa tatu aliisoma mara mbili, akasema hajapata kuona barua ya mchungaji yenye ubaya ndani yake, na kwa hiyo angeuamini wema wake.

Hakumpa lori siku ile. Alimweka awe utingo miezi mitatu, kando ya dereva mzee. Kisha akampa safari fupi za mchana, kwenda Bondo na kurudi. Na kabla ya safari ya kwanza, dereva alikwenda kwa yule mama, jambo ambalo kwa miaka minne hakuwa na moyo wa kulifanya. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikarudi. Waliyosemezana ni yao wenyewe. Hata leo ninaposema nanyi, yumo kazini. Sijisifu kwa hayo, maana safari yake haijaisha, wala yangu, wala yako.

Ndugu dereva unayenisikiliza, usinunue cheti cha uongo, wala usimwombe mtu akufichie. Kosa lililofichwa hupanda nawe garini, nawe huendesha ukiliogopa. Nawe mwenye lori, uliza yote, lakini ukisha kuuliza, sikiliza pia miaka iliyofuata lile kosa. Kama huwezi kumpa safari ndefu, huenda waweza kumpa fupi. Nasi washiriki wa kanisa, tusiseme tumemsamehe mtu, kisha tumwache atembee peke yake kutoka ofisi hadi ofisi. Barnaba alipanda chomboni pamoja na Marko.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe wazijua kurasa zetu zote, nawe hukututupa. Mponye yeyote aliyeumizwa kwa kosa la mwingine. Mpe aliyekosa ujasiri wa kusema kweli, na umpe mtu wa kwenda naye. Walinde wote walio barabarani usiku huu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.