Mkoba wa Kazi za Mchoraji

Leo nataka tuzungumze juu ya mkoba. Si mkoba wa kwendea sokoni. Ni mkoba ambamo mchoraji hukusanya kazi zake ili waalimu wa chuo kikuu wazitazame na kuamua kama watampokea. Wenyewe huuita potifolio. Mimi nitauita mkoba wa kazi, kwa kuwa zamani ulikuwa mkoba hasa: vipande viwili vya karatasi ngumu vilivyofungwa kwa kamba, mwanafunzi akiubeba kwapani. Siku hizi kazi hupigwa picha na kupelekwa kwa kompyuta, lakini jina limebaki lile lile.

Labda utasema, "Mimi ndiyo kwanza najifunza kusoma na kuandika. Mambo ya chuo kikuu yananihusu nini?" Yanakuhusu. Watu wengi wasemao Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, wanaishi sasa Marekani, na huko husoma watoto na wazazi pia. Siku moja mwanao au mdogo wako atakupigia simu akuombe fedha za kununua karatasi kubwa na makaa ya kuchorea. Yafaa ujue makaa hayo ni ya kazi gani.

Kwanza tuifahamu njia yenyewe. Huko Marekani viko vyuo vya miaka miwili vinavyoitwa vyuo vya jamii. Ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na mtu mzima hupokewa sawa na kijana. Akimaliza miaka yake miwili, mwanafunzi aweza kuhamia chuo kikuu na kumalizia huko miaka miwili iliyobaki. Miwili na miwili ni minne, nayo shahada ni ya miaka minne. Hesabu nyepesi.

Lakini kwa mwanafunzi wa uchoraji hesabu hii huweza kuharibika. Masomo kama Kiingereza na hisabati huhesabiwa kwa kutazama hati ya alama. Masomo ya karakana, yaani kuchora, kupaka rangi, kuchonga na kufinyanga, katika vyuo vingi hupimwa pia kwa kuutazama mkoba. Waalimu huketi, hutazama kazi moja moja, kisha husema: huyu aingie mwaka wa tatu, au huyu aingie wa pili, au huyu arudi kwenye misingi. Basi mtu huweza kupata barua ya kupokewa, akashangilia, akapiga simu nyumbani, na mwezi unaofuata akaambiwa kwamba kozi zake za kuchora hazikutosha, azirudie. Mwaka mmoja wa kurudia ni ada, ni kodi ya nyumba, na ni mwaka ambao fedha zilizokuwa zipelekwe nyumbani hazitapelekwa. Ndiyo maana nasema mkoba huu si pambo.

Sasa waalimu wale wanatafuta nini? Wengi hudhani wanatafuta picha safi. Mwanafunzi huchukua picha ya kamera ya mchezaji mpira mashuhuri, akainakili kwa kalamu ya risasi mpaka kila unywele ukaonekana. Nyumbani kila mtu anamsifu. Mwalimu anaitazama kidogo, anapita. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba kamera ndiyo iliyotazama, mwanafunzi akafuata nyuma. Kamera imekwisha kuamua mwanga utoke wapi na pua iwe kubwa kiasi gani. Mwalimu hajui bado kama mwombaji mwenyewe ana macho.

Nataka ulijaribu jambo hili, maana kulisikia tu hakutoshi. Chukua kikombe, ukiweke juu ya meza mbele yako, uketi. Mdomo wa kikombe ni duara. Unajua hivyo kwa kuwa umekunywa chai tangu utotoni. Lakini tazama kutoka hapo ulipo. Huoni duara. Unaona umbo kama yai lililobanwa. Sasa kiinue kikombe polepole mpaka mdomo wake uwe sawasawa na macho yako. Yai limezidi kubanwa, mwisho limekuwa mstari tu. Kishushe tena mezani, utazame kitako chake. Watu wengi huchora kitako kwa mstari ulionyooka, kwa sababu wanajua kwamba meza imenyooka. Tazama vizuri: nacho kimepinda, tena kimepinda zaidi kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yako. Mkono ulikuwa tayari kuchora unachokijua, si unachokiona. Mchoraji aliyejifunza kuacha anachokijua na kufuata anachokiona, mwalimu humtambua mara moja, hata kama amechora ndoo na ufagio.

Desturi ya kuanza na misingi ya namna hii ina historia. Katika mwaka 1919 ilifunguliwa Weimar, Ujerumani, shule iliyoitwa Bauhaus. Huko mwalimu Johannes Itten aliwapa wanafunzi somo la utangulizi: wachunguze umbo, rangi, mwanga na giza, washike mbao, chuma na nguo, kabla ya kuingia karakana yoyote. Shule ilifungwa mwaka 1933, Hitler alipokwisha kushika serikali. Mwalimu mmoja wa somo lile, Josef Albers, akaenda mwaka huo huo kufundisha Marekani, katika Black Mountain College, na baadaye Yale. Vyuo vingi vya Marekani vikaja kuwa na mwaka wa misingi unaofanana na ule. Kwa hiyo anayetaka kuhamia katikati ya safari lazima aonyeshe katika mkoba kwamba misingi hiyo ameipitia: mistari, rangi, na vitu vinavyozungukika, kama chungu au sanamu.

Wala usidhani kwamba kushika misingi hiyo ni kuacha ya kwenu. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alisoma Makerere, kisha katika miaka ya 1950 akasoma Slade School, London. Hakurudi akichora mitaa ya London. Alichora migomba na watu wa kwao. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Baada ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961 akawa balozi London, lakini hilo ni somo lingine.

Turudi mkobani. Vyuo vingi huomba kazi kati ya 10 na 20, na kila chuo kina amri zake, zisomwe. Kazi ziwe za karibuni. Kama chuo kinaruhusu chache, usijaze kwa kuogopa nafasi tupu. Kwa maoni yangu kazi dhaifu moja huzichafua tatu zilizo jirani nayo. Baadhi ya vyuo hupenda pia kurasa za daftari la michoro, lile lenye makosa na majaribio. Mimi ningelitazama daftari kwanza kuliko picha zote.

Kazi zipigwe picha nje, kivulini, bila taa ya kamera. Ondoa kioo cha fremu. Karatasi isimame wima mbele ya kamera, na isionekane mikeka wala vidole vya miguu ya aliyeishika. Kisha iandikwe: Jiko la Mama, makaa juu ya karatasi, sentimita 45 kwa 60, na mwaka. Huandikwa pia maelezo mafupi ya msanii, na hapa wengi hutafuta maneno makubwa. Aandike tu anachora nini, kwa vifaa gani, na kwa nini hakiachi.

Na asingoje mwaka wa mwisho. Mwezi wa kwanza wa chuo cha jamii akaulize chuo kikuu anachokitaka: kozi zipi za karakana mtazihesabu, na mkoba mnauhitaji lini? Jibu aliombe kwa maandishi, alihifadhi. Zipo pia siku maalum, katika miji mbalimbali ya Marekani, ambapo waalimu wa vyuo vingi hukaa katika ukumbi mmoja na kutazama kazi za yeyote anayekuja, bila malipo. Aende mapema, kwani foleni ni ndefu, na achukue hata kazi ambayo haijakwisha.

Kazi yenu ya juma hili ni kikombe. Kila mmoja akichore mara 5, kila mara akiwa ameketi mahali pengine, bila kufuta. Mwalimu wa darasa azibandike zote ukutani, na kila mtu aandike chini ya moja wapo sentensi mbili: alikiona nini safari ya tano ambacho hakukiona safari ya kwanza. Kwaherini.