Kuitambua Pampu ya Mkono ya Mafuta
(Mazungumzo kwa wanachama wa Makongeni na Kaloleni)



Pampu hii iliyo mezani ilinunuliwa Gikomba katika fungu la chuma chakavu, kwa bei ya kilo. Ndugu aliyeinunua ataka kujua ilikuwa ya kazi gani, na ni ya tangu lini. Tumeulizwa sisi watu wa reli kwa kuwa herufi zilizo ubavuni mwake ni za kwetu.

Kwanza tusichanganye pampu za namna mbili. Iko ile ya kuuzia petroli, ndefu kupita mtu, yenye chupa kubwa ya kioo kichwani. Mwuzaji alisukuma mpini mbele na nyuma, petroli ikapanda katika kioo mpaka alama ya galani zilizotakiwa, kisha ikateremka yenyewe kwa mpira hadi kwenye gari. Mnunuzi aliona kwa macho yake kile alicholipia, jambo ambalo leo hatulioni.

Ya pili ni hii yetu, mviringo kama sufuria iliyofunikwa, na mpini wake huenda kushoto na kulia. Ndani mna bawa lenye valvu mbili, na chini yake valvu nyingine mbili. Upande mmoja ukivuta, wa pili unasukuma, basi hakuna mwendo wa mkono unaopotea bure. Lakini haipimi kitu. Kazi yake ni kuhamisha mafuta, kama vile kuyatoa katika pipa la galani 44 na kuyatia katika tangi. Mtu asiwauzie kwa bei kubwa akisema ilitoka kituo cha petroli.

Mkiipata ile ya kioo, na kibao chake kimeng'oka, debe litawaambia ilikotoka. Galani ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Kiamerika ni lita 3.785. Jazeni maji safi mpaka alama ya 5, myamwage katika debe la kale la galani 4 za Kiingereza. Kioo cha Uingereza kitajaza debe na kubakiza galani nzima. Cha Marekani kitajaza na kubakiza kiasi cha vikombe vitatu tu. Wamarekani walianza mapema: Sylvanus Bowser wa Fort Wayne aliuza pampu yake ya kwanza mwaka 1885, nayo ilikuwa ya mafuta ya taa. Tunaposema boza la maji, twataja jina lake bila kujua.

Sasa herufi. Msizikwangue kwa brashi ya waya wala grenda. Pakeni chaki, zitajitokeza. U.R. ni reli ya Uganda ya kwanza. K.U.R. ni ya Kenya na Uganda, kabla ya mwaka 1948. Hii yetu ni E.A.R. & H., jina lililotumika tangu 1948 mpaka 1969. Lakini herufi zasema mwenye mali, hazisemi aliyeitengeneza. Yawezekana pampu ni ya zamani kuliko herufi zake.

Kwa nini tujisumbue? Sheria ya makumbusho ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu chombo kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Kwa tarehe hiyo peke yake, hakuna chombo kilicholetwa kwa ajili ya reli kinacholindwa! Huenda chote kwenye mizani ya chuma chakavu.

Tena biashara ya chuma ina sheria yake ya mwaka 2015, na mwaka 2022 Serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa. Mtu akikutwa na chuma chenye herufi za reli ataulizwa alikipata wapi. Ndugu yetu alidai karatasi kwa mwuzaji, naye anayo.

Jambo la mwisho ni la hatari. Chombo kilichokuwa na petroli kikiwa kitupu chaweza kulipuka kuliko kilichojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani. Msikikate kwa gesi wala kwa grenda.

Jina la mtengenezaji bado hatujalisoma. Limefunikwa na rangi. Pampu itawekwa kwa mwandishi wa tawi. Wazee waliofanya kazi katika maghala ya mafuta waombwa kuja kuitazama kabla haijapelekwa kuonyeshwa kwenye makumbusho ya reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.