Watoto wa Baraza za Gulu



Leo twahesabu miaka ya misheni zetu na majengo yetu. Ni vema. Lakini kwanza twataka kuwakumbusha habari za mji wa Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda.

Mji ule nao ulikuwa na majengo ya kujivunia. Misheni ilifunguliwa mwaka 1911, na hospitali ya Lacor mwaka 1959. Kisha Januari 1986 serikali ikapinduliwa. Askari walioshindwa wakakimbilia Sudan, na mwezi wa Agosti wakarudi na silaha, vikawa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada yao wakainuka waasi wa Joseph Kony, ambao waliwateka watoto usiku vijijini, wakawatia bunduki mikononi wawapige jamaa zao wenyewe. Tangu 1996 serikali ikawaamuru watu wahamie makambini, na mashamba yakageuka pori.

Ndipo watoto walipoanza kuukimbilia mji. Kila jioni walikuja kwa miguu, makumi ya maelfu, mkubwa akimshika mdogo mkono, mkeka kichwani. Walilala barazani mwa maduka, katika ua wa hospitali, makanisani na katika kituo cha mabasi. Alfajiri walirudi makwao.

Juni 2003, John Baptist Odama, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Gulu, pamoja na viongozi wa Waanglikana na Waislamu, walikwenda wakalala nje pamoja na watoto hao siku nne. Hawakuwa na jeshi wala fedha za kukomesha vita. Walichoweza ni kuilalia baridi ile ile, ili ulimwengu upate kutazama.

Vita havikuisha asubuhi yake. Mapatano ya kusimamisha mapigano yalitiwa sahihi Juba Agosti 2006. Mapatano ya mwisho Kony alikataa kuyatia sahihi mwaka 2008, ila watu walikuwa wamekwisha anza kurudi vijijini. Mwaka 2020 Gulu ikafanywa jiji. Hata hivyo wako wazazi ambao hawakuwaona tena watoto wao.

Basi, ndugu, katika hesabu ya jubilei hii tusiandike tu idadi ya milango tuliyoijenga. Tuandike pia ni nani tuliyemfungulia. Na jioni ya leo, kabla hatujatia komeo, tutazame barazani.